Gari la Jumamosi na Jicho la Mama Mkwe

Jumamosi, 3 Juni

Nimelinunua! Gari la Kiingereza, kuukuu kuliko mimi, rangi ya krimu, taa za mviringo kama macho ya mtu aliyeshtuliwa usingizini. Bei ya kutupa. Kwa fedha ile mtu hapati hata pikipiki ya maana. Muuzaji, mwalimu mstaafu wa hesabu, aliipapasa boneti kwa mara ya mwisho kisha akakimbilia ndani. Nilidhani ni majonzi. Nilipokuwa natoka getini nikamsikia akicheka.

Mpango wangu ni wa kistaarabu. Jumatatu hadi Ijumaa mimi ni muuza mapazia. Napima madirisha ya watu, navaa uso wa tabasamu mteja anaposhika hariri kwa vidole vya mafuta. Lakini Jumamosi na Jumapili! Kiwiko dirishani, mwendo wa pole, majirani wakisimamisha mazungumzo.

Kikwazo kilikuwa mke wangu. Aliapa zamani kwamba hakiingii kitu kingine chenye injini katika nyumba hii, tangu ile mashine yangu ya kukata majani ilipokata kamba ya nguo, nguo zikiwamo. Nikatumia silaha asiyoweza kuikwepa: mama yake.

Mama Mkwe anakaa nasi. Ana mtoto wa jicho katika macho yote mawili, la kushoto limezidi. Alhamisi hii anafanyiwa upasuaji wa jicho hilo. Daktari bingwa anatoka mbali, na akishaondoka harudi mpaka mwakani. Alisema bila kuficha kwamba kufikia mwakani huenda jicho hilo halitakuwa na kitu cha kuokoa. Basi nikatangaza kwamba gari nimemnunulia Mama. Nitampeleka mwenyewe, kwa heshima zake zote.

Mke wangu aliuliza kama linatembea. Nikamjibu swali gani hilo. (Lilivutwa kwa kamba mpaka kilele cha mtaa wetu, nikalifungua hapo likateremka lenyewe hadi mlangoni. Hakuona kamba.) Akalipa jina papo hapo: Bi Mdogo. Amesema mume akiongeza mke, mkubwa ana haki ya kumwita atakavyo.

Jumapili, 4 Juni

Mama Mkwe ameomba kuliona gari, yaani kulishika. Alikuwa mkunga, na ujanani serikali ilimpa gari la namna hii hii. Alizunguka nalo nchi nzima akipokea watoto wa watu. Akakaa kwenye usukani, akapitisha viganja. Choki hii, ya kuvuta injini ikiwa baridi. Kitufe cha kuwashia hiki. Huu mkono wa kuonyesha njia. (Ni kijimkono kinachochomoka ubavuni mwa gari mtu akitaka kukata kona, cha kulia hutokea kulia, cha kushoto kushoto. Raha tupu!) Usoni alikuwa msichana.

Kisha akaanza kunieleza habari ya betri. Ati magari haya betri zake zinafungwa tofauti na za siku hizi, mwanangu usije ukagusa. Wakati huo nilikuwa najitazama kwenye kioo cha pembeni. Nikasema ndiyo, Mama. Wazee wana hadithi zao.

Mchana akaja Shemeji, mdogo wake mke wangu. Afisa wa bima. Mimi moyoni namwita Kiyoyozi, kwa sababu hajapata kukaa dakika mbili bila kukitaja kiyoyozi cha gari lake. Akamzunguka Bi Mdogo mikono nyuma, akauliza kama jokofu hili lilikuja na magurudumu yake au niliyanunua baadaye. Mke wangu akacheka! Hata Mama akatabasamu.

Halafu akasema amekwisha omba ruhusa kazini, Alhamisi atampeleka Mama yeye, mwenye kiyoyozi. Nikasema ahsante, mpango upo. Akasema basi atakuja alfajiri asimame tu pale nje, endapo.

Endapo! Nimeshindwa kula kwa ajili ya neno hilo.

Jumatatu, 5 Juni

Nimepata dawa ya endapo. Nimempigia Shemeji simu kutoka dukani, sauti ya huzuni, nikamwambia hospitali imesogeza mambo hadi Ijumaa. Akaamini. Akanishukuru! Akasema basi afadhali, Alhamisi atasafiri kukagua bohari lililoungua, arudi jioni. Nikamtakia safari njema. Sikujisikia vibaya hata kidogo, au nilijisikia kidogo, mahali fulani chini ya mbavu, lakini mteja akaingia akitaka pazia la bafuni.

Bi Mdogo hajawaka. Nimemwita fundi wa mtaani, yule anayeitwa Fundi Kesho kwa sababu zinazojulikana. Akafungua boneti, akapiga mluzi, akasema hajapata kuona injini yenye nafasi ya kuanika nguo. Tatizo ni betri imechoka. Nyingine ataleta lini? Sihitaji kuandika jibu.

Viti nimevishonea vitambaa vya sampuli kutoka dukani. Maua makubwa mekundu. Mke wangu amesema sasa gari linafanana na sebule ya mtu aliyekimbiwa.

Jumanne, 6 Juni

Ugunduzi mkubwa! Na nimeufanya mimi, si fundi.

Fundi Kesho alileta betri (miujiza ipo). Kabla hajafunga nikachungulia. Nikashika kichwa. Waya wa alama ya kujumlisha umefungwa kwenye bodi ya gari! Wa kutoa ndio unaokwenda kwenye injini! Kila kitu kinyume! Mwalimu wa hesabu mzima, miaka yote ile, hajui kujumlisha na kutoa. Ndiyo maana halikuwaka. Ndiyo maana alicheka, mjinga hucheka.

Nikaamuru waya zigeuzwe. Fundi akasitasita, akasema bosi, kitu cha watu ukikikuta hivyo kiache hivyo. Nikamkumbusha nani kasoma fizikia. Akageuza.

Likanguruma! Nilizunguka mtaa mara tatu. Majirani walisimamisha mazungumzo, sawasawa na mpango. Kasoro ni mbili tu. Geji ya umeme inaegemea upande usio wake, lakini ni geji ya kizee, nayo imechoka. Na ule mkono wa kushoto umechomoka ukagoma kurudi. Nimeupiga ngumi. Umegoma zaidi.

Mezani Mama akauliza kama nimeigusa betri. Nikasema nimeifuta vumbi. Akatafuna taratibu, akasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mke wangu akauliza anaambiwa nani. Mama akasema hakuna, methali tu imemjia.

Jumatano, 7 Juni

Mambo yameharibika.

Asubuhi nililiwasha ili lizoee. Likawaka. Likaanza kunuka. Moshi ukatoka kwenye kijisanduku kando ya injini, moshi mweusi wenye harufu ya raba, kisha kikasikika kitu kikisema tii. Kimya. Taa hakuna. Honi hakuna. Fundi Kesho akaja, akatazama, akavua kofia kama mtu aliyefika msibani. Kile kijisanduku ndicho kinachopeleka umeme kwenye betri. Sasa betri inatumia akiba yake tu, na akiba yenyewe ni kidogo. Atatengeneza lini? Kesho.

Kesho ni Alhamisi! Nilimpigia kelele, akasema yeye hakuigeuza kalenda.

Nikasema basi, niufyate, nimpigie Shemeji. Nikapiga. Akapokea kwa furaha, yuko njiani tayari, ameondoka leo ili awahi kulikagua lile bohari, mtandao unakatika, je, Mama hajambo? Nikasema hajambo. Nikakata. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na mimi nimeingia na kamba nimeiacha juu.

Teksi? Nimeifikiria. Lakini nitamwambia nini mke wangu? Kwamba Bi Mdogo amelazwa kabla ya mgonjwa?

Nimejikaza kisabuni. Mpango mpya ni mteremko. Mimi na fundi tumelisukuma hadi kilele cha mtaa, tukaliwekea jiwe chini ya tairi. Asubuhi naondoa jiwe, linateremka, naweka gia ya pili, naachia klachi, linawaka. Nimemwambia mke wangu nimeliegesha kule juu lipate hewa.

Mama ametandika nguo zake za kesho kitini, gauni jeupe. Ameniambia akipona kitu cha kwanza anataka kusoma mwenyewe majina kwenye picha zake za zamani, maana sura zimemfutikia na majina ameyasahau. Nimetoka nje nikasimama pale uani bila sababu.

Alhamisi, 8 Juni

Niko kwenye benchi la hospitali. Mlango umefungwa. Mke wangu amekaa benchi la pili, mbali, kwa hiari yake.

Nieleze kwa mpangilio.

Nesi alituonya tangu mwanzo kwamba mgonjwa awe amefika kabla daktari hajaingia chumba cha upasuaji. Akichelewa, nafasi anapewa mwingine. Nikaamka mapema. Nikapanda kilele. Mbele ya Bi Mdogo, bampa kwa bampa, gari la maji! Linajaza tangi la jirani. Dereva anapiga mswaki. Nikamsihi aondoke. Akasema mpira uko ndani, tangi liko nusu, ndugu yangu vuta subira. Mama amesimama na gauni jeupe, mkoba mkononi, uso ameuelekeza kwenye jua. Mke wangu anaitazama saa.

Likaondoka. Nikawapakia, nikalitoa jiwe, tukaserereka. Gia ya pili. Klachi. Likakohoa. Likakohoa. Tumekwisha ifikia nyumba yetu, tunaipita, mtaa unaishia kule chini kwenye ukuta. Likawaka! Nikapiga kelele ya furaha. Mama akasema kwa upole kwamba injini hii inalia kama mtu mwenye njaa.

Hadi njia panda tulikwenda vizuri. Hospitali iko kulia. Askari wa barabarani akatutazama, akautazama ule mkono uliochomoka, akatuonyesha kushoto. Nikamwonyesha kulia. Akauonyesha mkono. Nikamwonyesha Mama. Akapuliza filimbi. Mtu ufanyeje? Nikakata kushoto. Tukazunguka sokoni kote, katikati ya vitunguu na watu, na kila mara nikitaka kulia mkono unawaambia watu kushoto. Nilitukanwa leo matusi ya siku nyingi.

Tukalifikia daraja jembamba lililo karibu na hospitali. Paa la hospitali tunaliona. Katikati ya daraja Bi Mdogo akashusha pumzi, akazimika.

Mke wangu akashuka kutafuta teksi. Teksi zilikuwepo. Zote zilikuwa nyuma yetu, ndani ya foleni niliyoisababisha mimi, na hakuna hata bodaboda iliyoweza kupenya, na nyonga ya Mama, mbovu tangu zamani, kwa vyovyote haipandi bodaboda wala haimfikishi kwa miguu. Akauliza mdogo wake yuko wapi, si alisema atasimama nje endapo? Ikabidi niseme. Nilisema nikiangalia maji ya mto. Hakupiga kelele. Alisema tu, kwa sauti ndogo, kwamba lile jicho likipotea, yeye na mimi tutakuwa tunaishi na jicho hilo mezani kila siku. Sijapata kuogopa kama nilivyoogopa pale.

Njia ni moja: kusukuma. Lakini nikisukuma mimi, na mke wangu akisukuma, nani atashika usukani? Nikageuka. Mama alikwisha jivuta mwenyewe hadi kiti cha dereva. Viganja viko mahali pake. Akatoa kichwa dirishani akasema haya, sukumeni, wanangu.

Nikasema Mama, huoni! Akasema anaona mwanga na kivuli, na kwamba alizalisha pacha kwa mwanga wa kibatari na wote wawili wakatoka salama. Mke wangu akashika ubavu wa gari, akawa anatembea kando ya dirisha akisema kulia kidogo Mama, shika hapo hapo, sasa kushoto. Mimi nyuma. Wanaume wa kwenye foleni walikuja kunitukana, wakamwona mama mzee na gauni jeupe kwenye usukani, wakaweka mabega. Mmoja mwembamba, mikono ya shati ameikunja, aliniambia ninasukuma kama mtu anayebembeleza paka.

Katikati ya msukumo Mama akauliza kwa sauti, mbele ya kadamnasi, kama betri niliigusa. Nikasema niliigusa, Mama! Niliigeuza! Akasema alijua tangu Jumanne kwa mlio wake, alikuwa anangoja tu nimwambie.

Tukalifikia geti. Mlinzi akautazama ule mkono, akavua kofia, akatufungulia geti la kushoto. La chumba cha maiti! Mke wangu akapiga ukelele, Mama akakanyaga breki, mimi nikagonga pua kwenye buti.

Ndani tukamkuta nesi. Nilijua atasema nini. Akasema tukae, daktari hajafika. Hajafika? Hajafika, amepiga simu, kuna mpumbavu mmoja ameziba daraja.

Nyuma yangu mlango ukafunguliwa. Yule mwembamba, mikono ya shati imekunjwa, viganja vyeusi kwa oili ya gari langu. Akanitambua. Akamtambua Mama. Akavitazama viganja vyake, akavinyoosha mbele yake, nikaona vidole vinatetemeka kwa ule mzigo. Vidole hivyo ndivyo vitakavyolifungua jicho la Mama! Akaomba sabuni, kisha chai, akasema hamgusi mtu mpaka mikono yake imetulia. Tulikaa chumba kizima tukiiangalia mikono ya mtu mmoja ikinywa chai.

Ikatulia. Akamwita Mama wa kwanza. Mama akanishika bega akipita, akasema nisikae karibu na betri yoyote mpaka atoke.

Bado mlango umefungwa. Ee Mungu, si kwa ajili yangu.

Ijumaa, 9 Juni

Shemeji alifika hospitali alfajiri, ameoga, na maua, tayari kwa upasuaji wa leo. Akaambiwa umefanyika jana. Sitaandika alichosema. Kwa muhtasari, kiyoyozi chake chote kiliishia kwangu.

Baadaye daktari akaja kufungua bandeji. Mke wangu na Shemeji ukutani. Mimi nilisimama nyuma ya mlango, nione bila kuonekana. Nesi akaondoa pamba. Mama akafumba, akafumbua, machozi yakamtiririka. Nesi akanyoosha vidole akauliza ni vingapi. Mama hakuvijibu vidole. Akasema kuna mwanamume amejificha nyuma ya mlango, na kwamba kumbe ni mnene kuliko alivyodhani.

Anaona! Nililia. Nasema wazi, nililia kama mtoto, nikamshika Shemeji nikamkumbatia naye hakupenda. Mama akaniita kando ya kitanda. Akanieleza polepole: katika gari lile, waya wa kujumlisha ndio unaofungwa kwenye bodi. Ndivyo lilivyotengenezwa. Mwenye nalo hakukosea. Nikasema nimeelewa, Mama.

Nimeapa mbele ya wote. Hakuna tena uongo, hakuna tena mipango, hakuna tena kushika kisichonihusu. Mke wangu alisema amesikia. Hakusema ameamini.

Jumamosi, 17 Juni

Wiki nzuri. Mama amesoma majina kwenye picha zote, na amegundua kwamba mapazia ya sebuleni ni ya rangi mbili tofauti. Fundi Kesho amerudisha waya za Bi Mdogo na kubadilisha kile kijisanduku. Ilimchukua kesho tano.

Nimeyafikiria mambo yote kwa utulivu. Watu wanapenda kutazama makosa tu. Hebu mtu aniambie: daktari angewahi, si angeingia chumba cha upasuaji sisi tukiwa bado njiani? Si nafasi ingepewa mwingine? Nani alimzuia daktari darajani? Mimi. Ukitazama sana, jicho lile nimeliokoa mimi. Nilimweleza mke wangu hoja hii wakati wa chai. Akahamia chumba kingine na kikombe chake.

Leo asubuhi mwalimu mstaafu amenipigia. Ana ndugu yake Bi Mdogo! Aina ile ile, kijani, lilikuwa nyuma ya banda la kuku. Bei ya kutupa. Nimelichukua. Limefichwa nyuma ya duka, nimelifunika kwa pazia. Mke wangu nitamwambia wakati ukifika, na sababu ninayo nzuri mno: mwakani daktari anarudi, na Mama ana jicho la pili. Shemeji tarehe nitampa mimi mwenyewe, atulie.

Nimefungua boneti. Siamini macho yangu. Hili nalo waya zimefungwa kinyume! Kweli, Mama alisema ndivyo lilivyotengenezwa. Lakini alisema gari lile. Lile ni krimu. Hili ni kijani.

Nimezigeuza. Likanguruma vizuri ajabu. Geji ya umeme inaegemea upande usio wake, lakini ni geji ya kizee, nayo imechoka.